Kizimba cha Kinyonga na Ubao Usiodumu

Seremala wa Pemba hufunzwa vita kabla ya kufunzwa randa. Vita na mchwa, vita na dumuzi, vita na kuvu wa masika na kutu ya upepo wa chumvi. Tangu nianze kazi hii hapa Kengeja, sifa ya ubao mzuri ni moja tu: unadumu. Mteja akija kuagiza mlango hakuulizi kama utapendeza, anakuuliza kama utaliwa. Na sisi mafundi tunajua namna ya kumtuliza. Tunapaka, tunaloweka, tunatia dawa.

Kwa hiyo mwalimu wa bayolojia alipokuja karakana kuniagiza kizimba cha kinyonga, ilibidi elimu yangu yote niigeuze kichwa chini miguu juu. Kinachoufanya ubao udumu, mara nyingi, ni kwamba unaua kinachougusa. Na kinyonga ataugusa mchana na usiku.

“Fundi, mimi nataka kitu cha kudumu,” aliniambia.

“Mwalimu, ukitaka cha kudumu utafuga ubao, si kinyonga.”

Akacheka, akakaa juu ya gogo, tukaanza kuzungumza vizuri. Nilitaka kwanza kujua kama ameshafika ofisi ya misitu, maana mnyama wa porini ni wa porini hata akiokotwa uani kwako, na kibali hutangulia msumari. Alikuwa ameshakwenda. Nia yake ilikuwa wanafunzi wamwangalie kwa wiki chache anavyobadili rangi, anavyolenga panzi kwa ulimi, kisha arudishwe kwenye kichaka kile kile alichotolewa. Kinyonga mwenyewe ni huyu wetu wa kawaida, mwenye vipande viwili vya ngozi kisogoni ambavyo huvisimamisha akikasirika. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, naye ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwetu hana marafiki wengi. Wapo wanaomkwepa njiani, na watoto humpiga mawe. Hata hivyo ana nafuu kuliko mjusi kafiri, ambaye kwa kandambili za watu hana salama popote.

Jambo la kwanza la kuelewa kabla ya kuchagua hata kipande kimoja cha ubao ni namna kinyonga anavyokunywa maji. Ukimwekea bakuli atalipita kama halipo. Yeye hulamba matone: umande juu ya jani, maji ya mvua yanayoteremka kwenye kijiti. Kwenye kizimba, basi, unamnyunyizia asubuhi na jioni, na maji hayo hupita juu ya fremu, yakashuka kwenye wavu, yakaning'inia ncha ya jani, ndipo ulimi unapokuja. Chochote ulichopaka juu, yeye atakinywa chini. Ongeza hapo kwamba anapumua hewa ya ndani ya boksi dogo, na kwamba jamii nzima ya mijusi, kinyonga na kobe huficha maradhi. Ukimwona kinyonga amefumba macho mchana kweupe, ujue ameanza kuumwa siku nyingi zilizopita.

Sasa mbao.

Vijijini kwetu dawa ya kwanza ya mchwa ni oili chafu, ile inayomwagwa kwenye injini za magari na pikipiki. Nguzo za banda la ng'ombe hupakwa, miguu ya vitanda vya nje hupakwa, na ni kweli mchwa hurudi nyuma. Lakini ndani ya oili ile mna chembe za vyuma vilivyosagika na masizi ya injini, na haikauki kamwe. Jua la mchana likipiga, inatoka jasho upya. Nimewahi kuletewa mbao za bure, pana na zilizonyooka, mwenyewe akaniapia ni safi. Niliupiga randa mmoja. Juu ulikuwa mweupe, lakini mstari mweusi ulikuwa umezama kiasi cha unene wa kidole. Ubao wa namna hiyo haufai hata ukiuranda mpaka ubaki nusu.

Halafu kuna vipande vya nguzo za umeme. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga ulipoanza kuleta umeme Pemba mwaka 2010, nguzo zimeenea, na palipo na nguzo hapakosi vipande vilivyobaki. Watu huvitaka sana kwa vile haviozi. Haviozi kwa sababu huko bara vilitiwa kwenye matangi ya mgandamizo na kushindiliwa dawa. Dawa moja inayotumika sana imechanganya shaba, kromiamu na aseniki, nayo utaitambua kwa ukijani uliofifia ndani ya ubao mpya, ingawa jua likiupiga miaka kadhaa unageuka kijivu na kukuhadaa. Aseniki ni sumu ile ile ya hadithi za wafalme. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya ziliachana na mbao hizo kwa matumizi ya majumbani kuanzia 2004. Nyingine hutiwa lami nyeusi ya makaa ya mawe, na hiyo pua yako itakwambia kabla sijakwambia mimi. Vipande hivyo usimjengee kinyonga, na wala usivipikie. Aseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye moshi na majivu.

Cha tatu kitawauma rafiki zangu wa pwani. Mbao za mashua na majahazi yaliyokufa zina umbo zuri, na siku hizi wageni wanazipenda mahotelini. Lakini ubao huo umenyweshwa sifa, yale mafuta ya papa, maisha yake yote, chini umekandikwa shahamu, na kama chombo kiliwahi kupakwa rangi za dukani za kuzuia chaza na majani ya bahari, basi mna shaba ya kutosha. Zamani rangi nyingine zilikuwa na bati la sumu, ambalo lilidhuru viumbe vya bahari hata mataifa yakaandikiana mkataba wa kulipiga marufuku mwaka 2001, ukaanza kufanya kazi 2008. Chombo cha zamani kinaweza kuwa kilipakwa kabla ya hapo. Ubao haukupi cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu akaniambia, “Basi nitumie mkarafuu, fundi. Mti wetu, hauna dawa ya mtu.”

Hapo ndipo penye mtego, na Mpemba ndiye wa kwanza kunasa. Tumezoea kudhani kuwa kisichotoka kiwandani hakina sumu. Mkarafuu ni kiwanda chenyewe. Kule Wawi, Chake Chake, makonyo yetu huchemshwa yakatoa mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho ujenoli. Ndicho kinachotuliza jino linapouma. Ndicho pia ambacho madaktari wa samaki hutia kidogo ndani ya maji ili samaki alale wamtibu, na wakizidisha haamki. Mafuta yamo zaidi kwenye ua, konyo na jani kuliko kwenye gogo, lakini majani makavu ya karafuu chini ya kizimba na tawi bichi juu yake, ndani ya joto letu, ni kumpa mnyama mdogo hewa asiyoizoea. Mdalasini nao ni hivyo hivyo. Mkaratusi pia. Mkafuri, ambao mabibi walipenda masanduku yake kwa kuwa nondo haingii, unakueleza wenyewe kwa nini haufai: kama nondo haingii, panzi wako ataishije humo, na anayemla panzi je? Mwarobaini tunausifia kwa tiba arobaini, lakini mojawapo ni kuwaharibu wadudu. Na miti yenye utomvu wa kuchoma, kama mnyaa na mkorosho mbichi, hiyo hata mimi siikati bila kujihadhari macho.

Kanuni yangu ikawa ya ajabu kidogo kwa seremala: tafuta ubao ambao dumuzi anaupenda. Mahali ambapo mdudu anakula na kuzaa, pana amani. Na hapa Pemba ubao huo ni mwembe.

Mafundi tunaudharau mwembe. Unaliwa upesi, unaota madoa ya kuvu, ukiulaza chini masika moja tu unakuwa uji. Lakini ni mwepesi wa kuranda, hauna harufu ukishakauka, haukutiwa kitu na mtu, na miembe ikizeeka mashambani inaangushwa kila mwaka. Nilichagua mbao zilizopasuliwa siku nyingi, zikakaushwa kivulini zikipangwa kwa vipande vya kuachanisha ili hewa ipite, kwa kuwa utomvu wa mwembe mbichi unawasha ngozi. Mfenesi ungefaa pia, na ni mzuri wa rangi, ila bei yake si ya shule. Paini ya Mufindi inayoletwa kwa boti ni sawa kama haina ukijani na haichuruziki utomvu wa kunata. Ikinuka sana, iache ipigwe jua kwanza.

Viungo nilivichomeka, ubao ndani ya ubao, nikafunga kwa skrubu zisizoshika kutu, bila gundi. Sikupaka chochote. Wengine huniambia, paka mafuta ya nazi, hayo ni ya kula. Ni ya kula, na sisimizi nao wanajua hivyo. Baada ya hapo yanachacha. Ukilazimika kupaka, tafuta vanishi ya maji, ipake nje tu, kisha kizimba kikae wazi mpaka pua yako ikae ndani yake dakika nzima bila kulalamika. Rangi za mafuta za zamani zilizosalia kwenye makopo stoo ziache huko. Nyingi za enzi hizo zilitiwa risasi.

Plaiwudi na mbao za unga wa mbao uliogandamizwa nitazipitia haraka. Kinachozishika ni gundi, na gundi nyingi za namna hiyo hutoa hewa ya fomalini, ile ya kuhifadhia vielelezo vya maabara. Joto na unyevu huifanya itoke zaidi. Pemba tuna vyote viwili, kwa wingi. Tumalize hapo.

Upande wa wavu ndiko nilikobishana na mwalimu zaidi. Alikuja na chandarua kizuri, bado kigumu kwa upya, kile tunachogawiwa kwa ajili ya malaria. Tundu zake ndogo, panzi hatoki, na bei ni bure. Nikamuuliza kama anajua kwa nini mbu akikigusa anaanguka. Nyuzi zake zimetiwa dawa za jamii ya pairethroidi, ndugu wa kutengenezwa wa sumu ya maua ya pareto yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na kusini mwa Tanzania. Kwa binadamu na mtoto wake kitandani ni salama, na tulale ndani yake. Mwili wetu una joto lake na huivunja dawa hiyo upesi. Samaki na viumbe wanaotegemea jua kupata joto hawana uwezo huo kama sisi. Kinyonga angepanda juu ya wavu ule kwa miguu yote minne, angelamba matone yake, na panzi wake wangekufa kabla hajawala. Angebaki na chaguo la kula mzoga uliojaa dawa au kushinda na njaa. Kukifua hakusaidii kama watu wanavyodhani. Vingi vimetengenezwa makusudi ili vivumilie kufuliwa.

Wavu wa kuku nao una kasoro zake. Tundu ni kubwa, ncha zake zinachoma, na kidole cha kinyonga, ambacho kimeumbwa kukumbatia kijiti, kinajipinda humo. Wavu wa madirisha wa nyuzi za kioo hukatwa na makucha. Tulichokubaliana ni wavu wa chuma wa tundu za mraba, nusu inchi, uliofunikwa plastiki, na kwa nje ya sehemu ya chini tukaongeza wavu wa madirisha wa kawaida ili panzi wasitoroke. Ukiukosa wa plastiki, ukapata ule uliochovywa zinki, usugue kwa brashi na siki, usuuze, uanike juani. Lile vumbi jeupe na matone yaliyoganda kwenye maungio ndiyo zinki iliyolegea. Mnyama akiila inamdhuru. Kila ncha niliyoikata niliikunja kwa koleo na kuifunika kwa upapi wa mwembe. Kazi hiyo ya ncha ilinichukua muda mrefu kuliko fremu nzima, na ndiyo ambayo mteja haioni.

Kioo je? Watu wakiona picha za wafugaji wa Ulaya wanaona visanduku vya kioo na taa, wakadhani ndiyo ustaarabu. Taa zile zinafidia jua ambalo wao hawana. Kinyonga na kobe hutengeneza vitamini D kwa miale fulani ya jua, na bila vitamini hiyo chokaa haikai kwenye mifupa: taya linalegea, miguu inapinda, gamba la kobe linakuwa laini. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo karibu yote na kupitisha joto jingi. Kwa hiyo ukimweka kinyonga ndani ya kioo juani Kengeja unamnyima anachokihitaji na kumkaanga kwa wakati mmoja. Sisi jua tunalo bure. Nusu ya paa la kizimba niliiacha wavu mtupu, nusu nikaezeka makuti, mnyama achague mwenyewe. Bati lingekuwa tanuri.

Waliowahi kwenda kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, wamewaona kobe wakubwa wakitembea juani na kivulini wapendavyo. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Halafu wezi wakaanza. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Serikali ya Zanzibar ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kuwatetea wanyama ikawajengea ua mkubwa, na ilipofika 2000 walikuwa wameanza tena kuongezeka, wakubwa kwa vifaranga. Ua ule haukujengwa kwa hofu kwamba kobe atakimbia. Ndiyo maana kizimba cha shule nacho kilitiwa kufuli, na mwalimu hakuliona jambo hilo la mzaha.

Sakafu ilinifurahisha kuliko yote. Ulaya na Marekani watu hununua matofali yaliyogandamizwa ya vumbi la makumbi ya nazi kutoka Sri Lanka na India, wayaloweke wayatandaze chini ya wanyama wao, kwa sababu hushika unyevu bila kutoa harufu wala sumu. Sisi makumbi tunayaona takataka. Angalizo moja: yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba, kwani yamejaa chumvi. Chukua makumbi makavu ya shambani, yachambue, yaoshe kwa maji ya kisima, yaanike. Mchanga wa pwani una chumvi ile ile. Na anayetaka kusakafia kwa saruji au kupaka chokaa ajue vitu hivyo vikiwa vipya vinachoma ngozi. Vimwagiwe maji na kuachwa kwa wiki kadhaa kabla ya mnyama kuingia.

Matawi ya kupandia tulikata mpera. Ni mgumu, hauna utomvu mbaya, na kijiti chake chembamba kinaenea ndani ya kiganja cha kinyonga.

Mahali pa kukiweka ni sehemu ya ujenzi pia. Miguu minne niliisimamisha ndani ya makopo ya maji, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya kwa makabati ya chakula, kwa sababu siafu wakimkuta mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Maji matupu; mafuta ya taa hapana. Kizimba kisitundikwe chumba kinachofukizwa udi na ubani, wala panapowashwa dawa ya mbu ya kuchoma. Na watu wa kupuliza dawa majumbani, kazi ambayo Zanzibar imeifanya dhidi ya malaria tangu 2006, wakipita mtaani, kibebwe kipelekwe mbali kabla hawajafungua bomba.

Masika yalipokwisha, upapi wa chini ulikuwa umeoza, kama nilivyomwahidi mwalimu. Niliung'oa, nikaukata mwingine, nikaupachika wakati wanafunzi wakiwa darasani.

Habari zikaenea kwamba fundi fulani Kengeja anajua vizimba. Akaja kijana nisiyemfahamu, mstaarabu wa maneno, anataka visanduku kwa ajili ya mijusi ya kijani, ile inayokaa migombani na minazini. Mjusi yule hapatikani porini pengine popote duniani ila kisiwa hiki. Mtaalamu Loveridge ndiye aliyemwandika mwaka 1941 kwa jina la Phelsuma parkeri, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Bara nako serikali ilizuia kusafirisha nje wanyamapori hai mwaka 2016. Nilimuuliza anataka ukubwa gani. Akanionesha kwa mikono: vidogo, vingi, vyepesi, viweze kupangwa kimoja juu ya kingine, na vitundu vichache tu vya hewa.

“Vya kufugia, mwanangu, au vya safari?”

Akasema nimpe bei kwanza. Nikamwambia mwembe umeniishia.